Nanga ya Shemeji

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini akamuulize Fundi mwenyewe. Yu hai, na ulimi wake u hai kumzidi.

Fundi ni mshonaji wa matanga. Marehemu mumewe aliunda mashua kwa mikono yake, akafariki rangi haijakauka. Fundi akaapa kwamba itavuka bahari kuu hadi ng'ambo anakokaa binti yao, ifike nzima, binti aguse mbao zilizopigwa randa na baba yake. Alihitaji mtu wa kupokezana naye usukani. Akajitosa kaka wa marehemu, dereva mstaafu wa malori, ambaye watu walimwita Gia.

"Bahari ni barabara tu, shemeji," alisema Gia. "Tena haina matuta."

"Matuta yapo. Utayatapikia."

Na kweli, aliyatapikia.

Kisha, katikati ya maji, upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama nguo iliyosahaulika kambani. Jua likachoma sitaha mpaka nyayo zikaomba msamaha. Kitanda kilikuwa kimoja, huyu akitoka huyu anaingia, kwa hiyo Fundi alilala kwenye jasho la shemeji yake na harufu ya dawa yake ya kuchua viungo. Alilala nayo, akaamka nayo, akainywa kwenye chai.

Mchana mmoja aliamka akaenda mbele kukagua kamba, kama alivyozoea kila aanzapo zamu. Kamba ya nanga ilikuwa imeviringwa vizuri kama nyoka aliyeshiba. Nanga haipo.

"Gia! Nanga iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Umeitupa?"

"Shemeji, tumia akili. Hapa hata ukishusha kamba zote za dunia hufiki chini. Nanga ya nini? Lori likishindwa mlima, unapunguza mzigo. Nimepunguza."

Damu ikampanda Fundi kichwani. Nyumbani ukikasirika unatoka, unabamiza mlango, unakwenda kwa jirani kumsema mtu mpaka roho itulie. Humo mlango ulikuwa pazia, na jirani alikuwa maji. Akaenda nyuma, akarudi mbele, akakutana na uso uleule unaotabasamu. Samaki mmoja, wa wale wanaoruka, akaangukia sitahani, akamwona Fundi alivyovimba, akajirudisha majini mwenyewe.

"Tukifika utasimama na nini? Breki?"

"Tutajua mbele ya safari."

"Mbele ya safari kuna miamba, we mzee! Ndugu yako alikaa juani akaiunda mashua hii ubao kwa ubao, na wewe unataka kuivunja kwa maarifa ya lori! Kumzika mara moja hakukutosha?"

Alifoka mpaka tanga likajaa. Naapa. Lilijaa pu! Mashua ikainua pua ikaanza kukata maji, na kila Fundi alipovuta pumzi, ikapunguza mwendo.

"Endelea, shemeji, endelea!" Gia akashangilia. "Nitupe na sufuria?"

Tangu hapo Fundi alimnunia. Alisema ya kazi tu: "Zamu." "Kamba." "Sogea." Uji alimpa, lakini bakuli aliliweka chini kama anayelisha paka wa watu. Gia akaleta utani wa mashemeji, ukagonga mwamba.

Mpaka nchi kavu ikatokea. Gati likaonekana, na binti juu yake akipunga mkono. Lakini upepo uliwasukuma pembeni, penye miamba. Fundi akashusha tanga. Mashua ikazidi kuserereka.

"Lete sanduku," akasema.

"Sanduku gani?"

"La spana zako."

Gia akalikumbatia. Ndani yake mlikuwa na jeki, minyororo, nyundo, vyuma vya maisha yake yote, vizito kuliko ile nanga.

"Shemeji, hizi spana nimekula nazo, nimelala nazo..."

"Ulipokuwa unapunguza mzigo, hili hukuliona?"

Fundi akamnyang'anya, akafunga ile kamba ya nanga kwenye vishikio kwa fundo lisilofunguka, akalisukuma majini. Kamba ikakimbia, ikakaza. Mashua ikageuka, ikatulia, karibu na mwamba kiasi cha kuona kome waliougandia.

Gia alitazama maji kama mfiwa. "Basi yamekwisha, shemeji."

"Hayajaisha. Hilo lilikuwa deni la mashua. Langu bado."

Binti akaletwa kwa mtumbwi. Hakusalimu mtu. Alipitisha kiganja ubavuni, ubao kwa ubao, na Fundi akalia huku ngumi amezikunja.

Nilipofika hapa, nikiwasomea watu karakanani kwa Fundi, Fundi akainua kichwa kutoka kwenye tanga alilokuwa akishona.

"Wewe mzee wa hadithi! Upepo ulitoka kinywani mwangu?"

"Kwa namna fulani..."

"Upepo ulirudi kesho yake, mimi nimelala. Ningekuwa na mdomo wa hivyo, wewe ungeshapeperuka zamani."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Kwao, anayenaswa na uongo anashona pindo la tanga. Basi maneno haya namalizia kuyaandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia sindano imeutoboa kila kidole. Na pindo lenyewe ni refu kama ulimi wake. Msimwambie nimesema.