Kola za Marehemu

Lisemwalo halipo, na lililopo halisemwi. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika chumba cha kushonea kola, ghorofa ya chini ya kiwanda cha sare. Saa mbili na nusu kila asubuhi feni kubwa ya kutolea vumbi iliwashwa, na dakika tano baadaye Mama Kola, aliyezikwa mwezi wa pili, aliketi kwenye cherehani ya kumi na nne akaanza kushona.

Hakumsumbua mtu. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akaupitisha kwenye tundu la sindano kwa jaribio moja, kama zamani. Wenzake walimsogezea kiti. Jirani yake alilalamika kwamba marehemu huleta baridi, na tangu siku hiyo akawa anakuja na sweta.

Kola zake zilikwenda kwenye meza ya kupigia pasi, aliposimama mdogo wake, ambaye kiwanda kizima kilimwita Pasi. Pasi alizinyoosha, akazipeleka kwa mkaguzi. Mkaguzi huyo aliwahi kurudisha shati zima kwa kosa la uzi mmoja uliochomoza, lakini kola ya marehemu hakurudisha hata moja. Ncha zake zilikaa kama zimekatwa kwa wembe.

"Huo ni mkono wa dada," Pasi alisema kila mara, na kidevu kikampanda.

Kilichomkera Pasi ni daftari la wafanyakazi. Mbele ya jina la dada yake paliandikwa: ameacha kazi. Yeye alitaka paandikwe: amefia kazini. Maneno mawili kwa maneno mawili, hata wino usingezidi. Alipanda ngazi mara tatu kwenda kwa meneja, na mara ya tatu meneja akamtaka ushahidi.

"Muulize mwenyewe," Pasi alisema. "Yupo chini, anashona."

Basi meneja akamleta mtaalamu wa sauti.

Mtaalamu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na sanduku la vipimo. Alitandaza nyaya zake sakafuni. Waya ulipofika cherehani ya kumi na nne, Mama Kola aliinua mguu ili upite.

"Asante, mama," mtaalamu alisema, akaendelea kupima.

Kisha akawaeleza. Feni ile, alisema, inatoa sauti nzito sana, mitetemo kama kumi na tisa kwa sekunde, chini ya uwezo wa sikio la binadamu. Sauti ya namna hiyo huenda ikatikisa kifua, ikaleta baridi na hofu, pengine ikatikisa hata jicho lenyewe mpaka mtu akaona kivuli cha kijivu pembeni.

"Kumbe anayeshona ni feni?" aliuliza mshona vifungo. "Basi mimi naolewa na pangaboi la kwetu. Nione kama litajua kupika."

Chumba kilicheka. Mama Kola naye alitabasamu, ila hakuinua macho. Alikuwa kwenye kona ya kola, na kona haitaki masihara.

Mtaalamu alikuwa na fomu. Alimuuliza kila mmoja: umesikia nini? Wa kwanza akasema amesikia baridi. Wa pili amesikia harufu ya sabuni aliyokuwa akiogea marehemu. Wa tatu amesikia uchungu. Pasi akasema amesikia kifua kumbana. Mtaalamu, ambaye taaluma yake alikuwa ameisomea kwa lugha nyingine, akaandika mbele ya kila jibu: hakusikia kitu.

Pasi alikuwa akisoma juu ya bega lake.

"Kaka, hapo umekosea."

"Nimeuliza habari ya sauti, dada. Baridi haisikiki."

"Haisikiki kwa nani? Sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Lugha hii ina masikio mwili mzima. Hiyo sauti yako isiyosikika, sisi tumeisikia kwa mbavu. Andika."

Mtaalamu alifikiri, akakata mstari, akaandika: wamesikia. Alikuwa mtu wa haki, kwa kadiri fomu ilivyomruhusu.

Kisha akaagiza feni izimwe. Mama Kola alikohoa mara mbili, akashika kifua, akatoweka; sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa. Feni ilipowashwa alirudi, akaendelea na mshono ule ule pale alipouachia. Walirudia mara tatu. Mtaalamu akafunga sanduku lake kwa furaha.

"Imethibitika," alisema.

"Nini?"

"Kwamba anaonekana feni ikiwaka, na haonekani ikizimwa."

"Siku aliyokufa ilizimwa," Pasi alisema. "Tangu asubuhi mpaka saa tisa. Meneja alikuwa na wageni huko juu, na mvumo ulikuwa unatikisa vikombe vyao vya chai. Dada alikohoa vumbi la pamba mpaka akalala juu ya cherehani. Sasa anakuja penye hewa. Wewe ungekwenda wapi?"

Mtaalamu alitazama fomu yake. Haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Ripoti ilibandikwa mlangoni: hakuna mzuka, ni feni. Kola za marehemu ziliendelea kupangwa juu kabisa ya kila sanduku, kwa kuwa ndizo wateja walizoonyeshwa kwanza. Daftari halikuguswa.

Wiki iliyofuata Pasi aliitwa ofisini. Meneja alikuwa amemchapia barua tayari: mimi niliyetia sahihi hapa chini naomba radhi kwa kueneza uzushi kwamba marehemu bado anashona.

"Bosi, hapa umeandika marehemu," Pasi alisema.

Meneja alivaa miwani, akasoma, akachukua kalamu. Akafuta neno hilo kwa mistari miwili iliyonyooka, akaandika juu yake: aliyeacha kazi.

"Haya, mwanangu. Tia sahihi, yaishe."

Pasi aliisoma barua yote kwa mara ya pili, taratibu, akaigeuza na kuirudisha mezani.

"Dada yangu yupo kazini, na kola zake zinanisubiri," alisema. "Radhi siombi."