Kifungu cha Koili

Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine. Ninakaa ubavuni mwa mtu asiyesikia vizuri, kompyuta mbele yangu, na kila neno linalotoka kwenye vipaza sauti linapita mikononi mwangu na kutokea kwenye skrini mbili: ndogo iliyo mezani kwake na kubwa iliyo ukutani. Siongezi, sipunguzi, sichagui. Mtu akicheka naandika kwamba amecheka. Ukumbi ukinyamaza naandika kwamba ni kimya. Watu huniuliza kama sichoki kusikiliza mambo mazito kutwa nzima, nami huwajibu kwamba sisikilizi. Yanaingia masikioni, yanatokea vidoleni. Wakati ule nilikuwa nimefika mahali ambapo hata mume wangu akinisimulia jambo mezani, vidole vinanicheza lakini moyo hauna habari. Nilikuwa nimekufa ganzi, na sikuona ubaya wake, maana ganzi haiumi.

Kamati niliyokuwa naiandikia ilipewa kazi ya kupatanisha viwango vya pande mbili. Huku watu wa simu, kule watu wa vifaa vya kusikia, wametoka nchi nyingi, kila upande na masharti yake. Simu zilizotengenezwa kwa masharti ya huku zilikuwa hazielewani na vifaa vilivyotengenezwa kwa masharti ya kule, na aliyeumia katikati ni mwenye sikio. Walikuwa wanatafuta waraka mmoja wa kuwafunga wote. Ni watu wema, sitawasingizia. Lakini walishawahi kumaliza asubuhi nzima wakibishana kama mchoro wa sikio kwenye boksi la simu uelekee kulia au kushoto. Niliyaandika yote hayo na sikuzimia.

Niliyekuwa nakaa naye ni mwakilishi wa watumiaji, mama mtu mzima, kiziwi tangu utotoni, mwenye vifaa viwili vinene vya rangi ya kahawia nyuma ya masikio. Wajumbe walimbandika jina la Bibi Pingamizi, naye akalipokea kwa mikono miwili, akawa anajitambulisha nalo kwa wageni. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita binti, ingawa nina mvi.

Kilichomleta kwenye kile kikao ni kifungu kimoja tu, na hakukificha. Ndani ya vifaa vyake mlikuwa na koili, waya mwembamba uliozungushwa, unaoinasa sauti ya simu moja kwa moja bila kuchanganya na kelele za nje. Ili koili ifanye kazi, simu nayo sharti itengenezwe kwa namna fulani. Watu wa simu walitaka sharti hilo liondolewe, wakisema siku hizi kuna njia mpya isiyotumia waya. Kwa masikio yaliyopungua kidogo, kweli njia mpya ni nzuri. Kwa masikio kama yake, sauti inafika imekatikakatika, nusu maneno, nusu upepo.

"Mzee wangu haoni," alinieleza wakati mmoja, tukinywa chai kwenye korido, uso kwa uso ili asome midomo yangu. "Sukari imekula macho yote mawili. Ujumbe hasomi."

"Si simu inaweza kumsomea, mama? Na akisema, wewe ukaandikiwa?"

"Nimejaribu hiyo. Inamsomea kwa sauti ya yule dada wa uwanja wa ndege. Mimi naandikiwa 'nimekunywa dawa.' Haya, amekunywa? Mimi mwanamume yule namjua kwa kikohozi. Akitaka kunidanganya anakohoa kwanza. Hicho kikohozi wanakiandika?"

Nikasema mimi ningekiandika. Alicheka mpaka chai ikammwagikia.

Habari za mzee wake aliwasimulia wajumbe wote, kwa hiyo kila mtu pale alijua kifungu cha koili ni cha nani. Kikiondoka, simu yake ya sasa itaendelea mpaka itakapokufa, na baada ya hapo hatapata nyingine ya kumletea sauti ya mumewe. Atakuwa anaishi na mtu asiyemwona huku yeye hamsikii akiwa mbali, na kazi yake ilikuwa ya kusafiri.

Sasa, ile kamati haikuwa na desturi ya kupiga kura. Waliona kura inagawa watu. Mwenyekiti anauliza, "Kuna pingamizi?" Akijibiwa kimya, anagonga meza kwa kalamu, jambo limepita. Likishagongwa halifunguliwi hadi waraka mzima urekebishwe tena, na huko ni miaka. Kwa kawaida mambo yalikwenda kwa mpangilio, na Bibi Pingamizi alijua zamu yake inafika lini, akajiandaa kama mtu anayesubiri basi.

Siku ya mwisho mpangilio ulibadilishwa. Watu wa simu walikuwa na ndege ya alasiri, wakaomba kifungu cha koili kitangulizwe. Kiongozi wao, bwana mrefu mwenye adabu, akasoma maelezo yake kwa kasi, sentensi juu ya sentensi. Nilimfuata. Lakini maneno hayaruki kutoka mdomoni hadi kwenye skrini. Yanapita kwangu, yanapita kwenye mashine, ndipo yanatokea, na mtu anahitaji muda wa kuyasoma. Bibi Pingamizi alikuwa ameinama, kidole kwenye skrini, bado yuko katikati ya maelezo. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akagonga.

Vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika. Kwenye skrini yake mistari ilipanda mmoja baada ya mwingine: Kuna pingamizi? Kimya. Kifungu kimeondolewa.

Alisoma ule wa katikati, akaurudia. Kisha akanyoosha mkono juu, mkono wote, kama mwanafunzi.

"Ninapinga," alisema kwa sauti yake nzito. "Mwenyekiti, mimi ninapinga."

Kiongozi wa watu wa simu alikuwa ameshasimama na begi begani. "Samahani sana," akasema, "lakini limeshagongwa." Na majuto yake yalikuwa ya kweli, yalionekana usoni. Gari linasubiri chini, wenzake wako mlangoni. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akasema neno lake litaingizwa kwenye muhtasari. Watu wa simu wakatoka, mlango ukajifunga wenyewe polepole.

Hapo nikafanya jambo nisilopaswa kufanya. Nikabonyeza kipaza sauti cha mezani.

"Mwenyekiti," nikasema, "alikuwa bado anasoma. Hakunyamaza. Swali lilikuwa halijamfikia."

Wote wakageuka. Nadhani wengine hawakujua kama nina sauti. Mwenyekiti alinijibu kwa upole, kwamba mwandishi si mjumbe, na kwamba hata angetaka kulifungua, wenzetu wa simu hawapo tena, isingekuwa haki kuamua bila kuwasikia. Niliyasikiliza yote mikono ikiwa mapajani. Nikahisi mtu ananigusa kiwiko.

"Andika, binti," alisema Bibi Pingamizi. "Mnasema nini?"

Skrini ilikuwa tupu. Nilikuwa nimemtetea, na yeye peke yake katika ukumbi mzima ndiye ambaye hakuambulia neno. Niliona aibu, ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi kwa muda mrefu, na hakikukaa. Nikaandika niliyosema, nikaandika jibu nililopewa, neno kwa neno, mpaka kwenye haki ya wale waliokwenda uwanja wa ndege. Akasoma. Akatikisa kichwa taratibu, akakunja mikono.

Likabaki jambo moja, tarehe ya kikao kijacho. Mwenyekiti akaitaja, akauliza kama kuna pingamizi. Safari hii hakugonga. Ukumbi mzima ulikaa ukimtazama Bibi Pingamizi, vichwa vimeelekezwa kwake, subira ya ajabu, hata aliyekuwa anafunga begi lake aliacha. Wakangoja mistari ipande, wakangoja asome. Wengine walimtabasamia.

"Kwa tarehe, sina," alisema.

Mwenyekiti akagonga, akawashukuru wote kwa moyo wa maelewano, na watu wakaanza kuinuka. Bibi Pingamizi akanisogelea. Alidhani anaongea chini chini, lakini hajawahi kuijua sauti yake inafika wapi, na kipaza sauti changu nilikuwa sijakizima.

"Nimwambie leo," akauliza, "au nimwache kwanza?"

Nilisikia, nikaandika. Ndivyo vidole vyangu vilivyozoea. Yakatokea ukutani kwa herufi kubwa, na waliosimama wakayasoma na waliokaa wakayasoma. Mhandisi mmoja wa vifaa vya kusikia akashika mdomo. Hakuna aliyehitaji kuuliza anayeambiwa ni nani.

Bibi Pingamizi akaona wanakotazama, akageuka, akayakuta maneno yake. Hakunigombeza. Alimtazama mwenyekiti, ambaye alikuwa anazungusha waya wa kipaza sauti chake mkononi.

"Haya, wewe una mke," akamwambia. "Ungefanyaje?"

Kisha akarudisha macho kwenye skrini kungoja jibu litokee, nami nikaweka vidole tayari.