Debe la Siku ya Wageni

Jumbe Mrisho alinijia asubuhi nikiwa nimeshapanda dunguni kulinda mpunga, na nilipoiona ile kofia yake mpya nikajua hakuleta heri. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu. Alisimama chini ya nguzo za dungu, akaniangalia kwa jicho moja, jua likimchoma.

"Shemeji Mwantumu, leo debe lisilie."

"Kwa nini? Viboko wamefunga?"

"Kuna Wazungu wametoka kwenye meli ile inayokwenda kaskazini. Bwana mkubwa wa boma anawapandisha mto kwa motaboti kutazama wanyama. Wanataka kuwaona viboko wakitoka majini kula. Wakisikia madebe, hawatoki."

"Na wakitoka watakula nini, Mrisho? Wageni?"

Hakucheka. Alisema ni amri, na atakayepiga debe atapelekwa bomani Utete akajibu kesi. Kisha akaenda zake kuwapokea wakubwa wake.

Mimi nikabaki na mpunga wangu. Ulikuwa umeiva, masuke yameinama, bado siku chache tu nianze kuvuna. Mwaka uliopita viboko waliumaliza wote kwa usiku mmoja, nikawalisha wanangu mizizi ya porini mpaka mdogo akavimba miguu. Kumpiga kiboko risasi ni kosa, kumtegea ni kosa, na sasa hata kumpigia kelele ni kosa! Nilikaa pale juu nikijiuliza huyu kiboko ana undugu gani na serikali.

Kwetu bondeni dungu haliachi dungu jingine. Debe likilia shambani kwangu, jirani lazima aitike kwa debe lake, na wa mbele yake vilevile, kwa sababu kiboko anayefukuzwa kwangu ataingia kwake. Asiyeitika hasaidiwi kuvuna, wala hapewi moto. Desturi hiyo tuliikuta.

Alasiri motaboti ikaja, ikazima injini karibu na shamba langu. Mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana akanipungia mkono, kana kwamba na mimi nilikuwa katika vya kutazamwa. Jumbe Mrisho alisimama mbele, karibu na bwana mkubwa, kidole mdomoni, macho kwangu.

Kimya kile kiliwapa viboko moyo. Aliibuka mmoja, akaibuka mwingine, kisha jike kubwa likapanda ukingo, maji yakilichuruzika, likatia mdomo kwenye mpunga wangu. Wageni wakanong'onezana kwa furaha. Nilisikia masuke yakikatika, nikaikumbuka miguu ya mwanangu.

Nikalichukua debe, nikalipiga kwa nguvu zangu zote.

"Toka! Toka kwangu!"

Jike likageuka, likajitupa mtoni, motaboti ikayumba, ile kofia pana ikaenda na maji. Bwana mkubwa aliiva uso.

"Jumbe! Mkamate mwanamke huyu!"

Hapo niliogopa, sitasema uongo. Debe langu lilikuwa peke yake, na kila mtu alikuwa ameisikia amri. Nikapiga tena. Kimya. Nikazidi kupiga, machozi yananitoka, nikiwalaani majirani zangu mmoja mmoja kwa majina.

Ndipo likaitika debe la shamba la pili. Lilipigwa haraka, kwa hasira, bila woga wowote. Halafu likaitika la mbele yake, na la ng'ambo, mpaka bonde zima likawa linavuma madebe.

Bwana mkubwa akanyoosha kidole kwenye lile dungu la jirani. "Na yule ni nani?"

Jumbe Mrisho hakuhitaji kugeuka kutazama. Shamba lile alililima mwenyewe.

"Ni Biasha, bwana. Mke wangu." Akaivua kofia yake mpya. "Analinda mpunga wangu."

Kisha akanitazama pale juu. Kidole hakikuwa tena mdomoni. Nikaendelea kupiga.