Chapa kwenye Paja la Ng'ombe

Jumanne ya pili ya Juni, saa moja asubuhi, ukurasa wa kumi na moja wa Mpaka wa Ulezi ulikuwa umeshaingia kwenye kundi la mtandaoni la watu ambao hawakuulipia. Cornelia aliuona akiwa bado na blanketi mabegani, maana mtaa wa Izia, mjini Sumbawanga, mwezi huo baridi haina mchezo, na jambo la kwanza alilofanya halikuwa kulalamika. Aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka paja la ng'ombe wa mbele likajaa kioo cha simu.

Pajani palikuwa na chapa: mistari miwili iliyosimama, na upinde chini yake.

"Flavian," alisema, ingawa chumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Mpaka wa Ulezi ilikuwa katuni yake ya mtandaoni, hadithi ya familia mbili, moja ya wakulima wa Ufipa na nyingine ya wafugaji waliohamia kutoka Usukuma, zinazogombea kipande kimoja cha ardhi. Aliituma kwa simu kila Jumapili baada ya misa, kwa mtu mmoja mmoja aliyelipia, na kila wiki ilikuwa bure kwa dunia nzima kabla ya Jumatano. Safari hii alitega mtego. Kila msomaji alichorewa ng'ombe mwenye chapa ambayo hakuna mwingine aliyepewa: huyu msalaba, yule duara, mwingine meno ya msumeno. Aliona hakuna mahali bora pa kuficha alama. Mfipa akiona ng'ombe kwenye picha huangalia kama ameingia shambani. Nani ahangaike na paja?

Zamani ukurasa kama huo ungemchukua wiki mbili. Angekwenda mpaka zizini, angechora amesimama kwenye samadi, angeuliza chapa huchomwaje na kila mchoro una maana gani. Lakini wasomaji hawakuwa na wiki mbili za kumpa. "Dada, mbona kimya, au umeolewa?" waliandika. "Ulezi wenyewe umeshavunwa, wewe bado unachora majani." Wakali kuliko wote walikuwa wale wasiolipa; mmoja alimlalamikia kwa maandishi marefu kwamba nakala aliyoipata kwa njia za panya ilikuwa na ukungu. Basi Cornelia alizitoa chapa zote kichwani, mchana mmoja, bila kumuuliza mtu. Na juu ya ukurasa aliyaacha maneno yaliyokuwapo tangu mwanzo, ambayo wasomaji waliyapenda kuliko michoro yenyewe: Kisa cha kweli. Kilikuwa cha kweli kwa maana kwamba mambo ya namna hiyo hutokea. Hakuwahi kufafanua zaidi ya hapo.

Alikuwa anafunga kamba za viatu, tayari kwenda mtaa wa Mazwi kumkabili Flavian, aliposikia hodi. Mlangoni alisimama msichana wa umri wa chuo, amejifunga kitenge juu ya sweta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu."

"Naitwa Jenifer Masanja. Nasoma hapa mjini, kwetu ni Milepa, kule bondeni. Wewe ndiye unayechora ng'ombe?"

"Nachora na watu pia."

Jenifer hakucheka. Alitoa simu yake, akaionyesha picha ileile, paja lilelile. "Hii chapa ni ya baba."

"Haiwezekani. Nimeitunga mwenyewe."

"Basi umetunga kitu kilichokuwapo. Babu alitoka nayo Meatu, Usukuma. Ng'ombe wetu wote wanayo, paja la kulia, kama ulivyoweka wewe."

Cornelia alimwomba aketi na aeleze kwa mpangilio. Jenifer alieleza. Mwishoni mwa Mei, shamba la mahindi la mzee Romani, pale Milepa, lililiwa lote upande mmoja. Hakuna aliyeona ng'ombe wa nani. Jana mchana picha ilifika mnadani kwenye memori kadi, na jioni ng'ombe wa Masanja walikuwa wamezuiwa uani kwa ofisi ya kijiji. Alhamisi kutakuwa na mkutano wa kuamua kama familia hiyo iendelee kuishi Milepa au iondoke.

"Kwa sababu ya katuni?"

"Imeandikwa kisa cha kweli, dada. Wanasema binti wa Kifipa wa mjini ameona kwa macho yake, ndiyo maana amechora mpaka chapa. Nani anatunga chapa? Kwetu hata mtoto mdogo akimwona ng'ombe husoma paja kabla ya pembe."

Cornelia aliitazama tena chapa kwenye simu ya Jenifer. Hesabu ya jambo hilo haikuwa ngumu. Ng'ombe waliokula shamba kwenye picha yake walikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mtu anayepumua.

Flavian alikuwa na kibanda Mazwi cha kuingiza nyimbo na filamu kwenye simu. Alikuwa pia msomaji anayelipa kwa wakati kuliko wote, jambo ambalo Cornelia sasa alilielewa vizuri.

"Mambo, msanii!"

"Umeuza ukurasa wangu, Flavian."

"Nani kasema?"

"Paja limesema. Mistari miwili na upinde nilikupa wewe peke yako."

Flavian aliitazama picha, akatazama na ya kwake, kisha akacheka kicheko chenye heshima kidogo ndani yake. "Kumbe wewe ni askari wa mifugo! Haya, umenishika. Lakini nikuulize, mshikaji, Milepa ungefikaje? Wengine kule wanatafuta mtandao juu ya kichuguu. Memori kadi naipeleka mimi mnadani, kwa nauli yangu na vumbi langu. Wasomaji wako wanaolipa wanaenea kwenye gari tatu za Noa. Wangu hawaenei kanisani."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Alikuja kumfungia mtu kibanda. Sasa alihitaji kibanda kiwe wazi. Alimweleza habari ya Masanja. Flavian aliacha kucheka.

"Mimi sikujua mambo ya chapa."

"Hata mimi sikujua."

"Basi chora upya. Leo hii naupeleka kote ulikofika ule wa kwanza. Ila hayo maneno ya kisa cha kweli usiyaguse. Ukiyatoa watakimbia. Watu hawalipii uongo."

"Wako hawalipii chochote."

"Wananilipa mimi," alisema Flavian, bila aibu na bila majigambo.

Cornelia alichora palepale kibandani, kompyuta kibao juu ya magoti, huku wateja wakiomba nyimbo juu ya kichwa chake. Alilisafisha paja la ng'ombe. Mahali pa maneno ya zamani aliandika: Kisa hiki kimetungwa. Flavian alisoma, akaguna, lakini alitimiza ahadi. Jioni hiyo bodaboda iliteremka bondeni na memori kadi mpya.

Jumatano mchana Jenifer alipiga simu kutoka Milepa. Alikuwa ameshuka kwao.

"Dada, umeharibu zaidi. Sasa wana picha mbili. Ya kwanza ina chapa, ya pili haina. Wanasema baba amekuhonga ufute."

Cornelia aliwaza kuhusu watu wa Milepa, na hakuweza kuwaita wajinga. Kwa ushahidi waliokuwa nao, hata yeye angefika hapohapo.

Ushahidi mwingine ulikuwa mmoja tu, nao haukuwa mikononi mwake, maana simu yake mwenyewe hakuna ambaye angeiamini. Ulikuwa kwenye simu za waliolipia: nakala zilizotumwa Jumapili, kabla mtu yeyote hajamshuku Masanja, kila moja na chapa yake. Msomaji mmoja alikuwa anaishi Milepa penyewe, mwalimu Rhoda wa shule ya msingi, ambaye hakuwahi kukosa ukurasa hata mmoja na ambaye wakati wa likizo alimletea Cornelia furushi la mchele hadi Izia. Ng'ombe wake alikuwa na msalaba. Tatizo ni kwamba kuuonyesha msalaba ni kueleza kwa nini uliwekwa. Wasomaji waaminifu wangejua kwamba waliwekewa mtego sawasawa na mwizi. Cornelia alilipima hilo upande mmoja, na ng'ombe waliofungiwa uani upande wa pili. Alhamisi asubuhi alipanda Noa ya bondeni.

Watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji, wakulima upande mmoja, wafugaji wachache upande wa pili, katikati pameachwa njia ambayo hakuna aliyeagiza iachwe. Mwenyekiti, mzee Felisiani, alimpa nafasi.

"Sikuona ng'ombe wa mtu," Cornelia alisema. "Milepa leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Chapa niliitunga."

"Ulitunga jana au juzi?" sauti iliuliza, watu wakacheka.

"Mwenyekiti, naomba mwalimu Rhoda afungue ukurasa niliomtumia Jumapili."

Rhoda, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alishangaa kutajwa. Alifungua simu, akakuza picha. "Huyu ana msalaba," alisema polepole.

Simu ilipita mkono kwa mkono hadi kwa Felisiani. Mwenyekiti alisoma tarehe na saa, akaweka simu ya pili kando yake, akatazama paja hili na paja lile kama mtu anayelinganisha mbegu.

"Binti, kwa nini wa mwalimu ana msalaba na wa mnadani ana mistari?"

"Kila aliyelipa nilimpa chapa yake. Ili nikiibiwa nijue nani ameiba."

"Mwalimu, geuka tuone paja!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Rhoda hakucheka.

"Kwa hiyo na mimi ulinipiga chapa," alisema.

"Nilimpiga kila mtu, mwalimu."

"Mimi nilikulipa tangu ukurasa wa kwanza. Ulipochelewa sikukusema. Ulipoanza kulipua kazi, miguu ya mbuzi ikawa haifiki chini, sikukusema pia. Nilifikiri unanijua."

Cornelia alisema, "Samahani, mwalimu," na Rhoda akapokea simu yake, akaifuta kioo kwa pindo la kanga.

Felisiani alitangaza kwamba picha zote mbili hazitahesabiwa. Mzee Romani alisimama, kofia mkononi.

"Sawa, mwenyekiti. Picha si shahidi. Basi mahindi yangu yameliwa na katuni?"

Mkutano uliamua ng'ombe waachiwe, na shauri la shamba lirudi kwenye baraza la ardhi. Neno la kumfukuza mtu halikuandikwa popote.

Kabla ya kuondoka Cornelia alimfuata Masanja, mtu mrefu aliyesimama na fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ulikosea mkono tu." Aliwatazama watu waliokuwa wanatawanyika. "Picha yako ilifika hapa Jumatatu mchana. Jumatatu jioni ng'ombe wangu wakakamatwa. Hapo katikati hakuna jirani aliyekuja kuniuliza. Nimelima nao, nimezika nao."

Ng'ombe walitolewa uani saa kumi, na Cornelia aliwaona wakipita.

Noa ilipokuwa inapandisha mlima kurudi Sumbawanga, ujumbe wa Rhoda uliingia: "Niondoe kwenye wasomaji wako." Cornelia alimwondoa. Chini yake palikuwa na mwingine, wa Flavian, akiuliza ukurasa wa kumi na mbili utatoka lini, maana watu wanamsumbua. Huo hakuujibu.

Ijumaa asubuhi Jenifer alipiga.

"Baba ameondoka alfajiri na ng'ombe wote. Ameelekea Momba. Mama amebaki avune, kisha atamfuata na wadogo zangu."

"Lakini mkutano haukumfukuza."

"Haukumfukuza."

"Nifanye nini, Jenifer? Naweza kuandika, nikaeleza yote yalivyokuwa."

Alikuwa ameshaivuta kompyuta kibao magotini.

"Dada, nakuomba," alisema Jenifer. "Hili usilichore."

Kisha akakata simu.