Uwezo wa Gaone Usio na Kikomo

Jumatano asubuhi programu ilitoa jibu ambalo fomu haikuweza kulipokea.

Ofisini kwetu Gaborone tunasahihisha mtihani wa darasa la saba. Kazi yangu ni kukaa na programu tuliyoipa jina la Selekanyo, yaani kipimo. Haihesabu tu maswali aliyopata mtoto. Hutazama kila swali limewashinda wangapi, kisha hukadiria uwezo wa mtoto kwa nambari moja: sifuri ni mtoto wa katikati, tatu ni hodari sana. Naipenda kazi hii kwa sababu hainilazimu kuongea na watu.

Asubuhi hiyo, mbele ya jina la Gaone Tsheko wa Takatokwane, mahali pa nambari palikuwa na maneno: HAKUNA KIKOMO.

Nilielewa. Maswali yalikuwa sitini na Gaone alikuwa ameyapata yote. Selekanyo humpandisha mtoto mpaka ikutane na maswali yanayomshinda, na kwa Gaone haikukutana na hata moja. Ni kama kushusha kamba kisimani isiguse chini. Kamba ilikuwa imeisha.

Mma Phetolo, yaani Mama Phetolo, mtunza fomu, alikuja mezani kwangu. "Boikhutso mwanangu, hapa panaandikwa nambari. Visanduku vinne, kimoja cha nukta. Maneno hayaenei."

"Hana nambari, mma."

"Kila mtu ana nambari. Hata yule aliyesinzia katikati ya mtihani ana nambari."

"Huyu amezidi."

"Amezidi nini?"

"Vyote, mma."

"Basi hana matokeo," alisema, akagonga mhuri: BILA MATOKEO.

Moyo uliniuma. Shule ya bweni ya sayansi ilikuwa na nafasi arobaini, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi. Asiye na matokeo huwekwa chini kabisa, chini hata ya aliyesinzia. Nikainuka kwenda kwa mkurugenzi. Kwa miaka miwili nilikuwa nimefika mlangoni pake mara tatu, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa natafuta stepla.

Rra, yaani Bwana, Kgosidintsi alinisikiliza huku akila magwinya, maandazi yake ya asubuhi, vidole vinang'aa mafuta.

"Hatuwezi kuiambia programu iweke kikomo?"

"Tunaweza, rra. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini kuibadilisha ni lazima kamati iruhusu."

"Kamati inakaa lini?"

"Machi."

Ilikuwa Novemba. Akatafuna. "Basi akose swali moja. Kanuni ya kumi na tisa inaruhusu maswali ya nyongeza kwa mtahiniwa mwenye utata. Akikosa hata moja, atakuwa na kikomo kama sisi wengine."

"Nimwambie akosee?"

"Hapana! Huo ni udanganyifu. Ashindwe kwa haki."

Gari likatumwa Takatokwane. Alhamisi Gaone aliingia ofisini na sare ya shule na viatu vilivyong'arishwa hadi nyayo, akiwa na bibi yake aliyejifunga shali licha ya joto. Mtaalamu wetu wa hesabu alimpa swali la chuo kikuu. Gaone alijaza karatasi, akaomba nyingine kwa adabu, akalipata. Mtaalamu wa sayansi alileta swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa na shaka nalo, na Gaone akamwondolea shaka. Kufikia jioni alikuwa amejibu maswali sabini na moja, na Selekanyo ilikuwa ikifikiri dakika kumi nzima kabla ya kusema neno lilelile.

"Kwani mnataka nini kwa mjukuu wangu?" bibi aliuliza.

"Tunataka ashindwe, mma," alijibu mkurugenzi.

"Kafanya nini?"

"Kafaulu."

Bibi akamtazama Gaone kwa huruma, akatutazama sisi kwa huruma zaidi. "Haya. Hajui kukoroga uji. Kila siku una madonge. Mpeni sufuria."

Mma Phetolo alianza kuandika, kisha akakata. "Uji haumo kwenye mtaala, mma."

Ijumaa saa tatu tulikuwa bado na mtoto asiyeshindika. Niliandika swali moja kwenye kipande cha karatasi, nikampelekea mkurugenzi bila kumtazama machoni. Alilisoma, akaligeuza uso chini upesi.

"Boikhutso! Ulilelewa wapi wewe?"

"Ni swali la hesabu, rra. Lina jibu moja tu."

Swali lilikuwa hili: *Babu yako ana ng'ombe wangapi?* Kwetu idadi ya ng'ombe wa mtu haiulizwi wala haitajwi; ni kama kuuliza ana fedha ngapi benki.

Kanuni inataka kila swali liwe na jibu sahihi ndani ya bahasha. Bibi alisonya, akatugeuzia mgongo, akaandika nambari, akalamba bahasha na kuikalia.

Gaone alisoma swali. Kwa mara ya kwanza kalamu yake ikasimama. Nambari aliijua, maana likizo zote yeye ndiye anayewafungulia zizi. Niliona vidole vyake vikianza kuhesabu chini ya meza, halafu vikajikunja. Akamtazama bibi yake. Bibi alikuwa akitazama dirishani kana kwamba hamjui.

"Ni lazima, rra?"

"Lazima," alisema mkurugenzi, naye akatazama dirishani.

Gaone akaandika maneno mawili: *Si wengi.*

Jibu lilitakiwa kuwa nambari. Bahasha haikuhitaji kufunguliwa. Nikamwekea kosa.

"Nimekosa, mma?"

"Umekosa, mdogo wangu."

"Lakini kweli si wengi."

"Najua."

Selekanyo ikafikiri. 4.87. Mma Phetolo aliiandika kwenye visanduku vinne, na nukta ikakaa mahali pake kabisa. Saa nne kasoro dakika nane. Kisha akaona mstari wa chini. *Swali la 72. Ugumu: HAKUNA KIKOMO.*

"Na ugumu nao una visanduku vinne," alisema polepole.

Kweli. Hakuna aliyewahi kulipata, hivyo programu haikujua ni gumu kiasi gani, na orodha haiondoki swali likiwa halina nambari. Mkurugenzi akatoka mbio kwenye korido. Tulimsikia akimuuliza kila mtu, dereva, mlinzi, mtu wa chai, na kila mtu akimjibu kwa heshima, "Si wengi, rra." Mlinzi aliongeza, "Na wa kwako, rra?" na mkurugenzi akasema, "Wapo wapo tu."

Saa nne kasoro dakika tatu nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, "Bibi alilijibu."

Wote wakageuka. "Jibu lake ndilo jibu sahihi," nikasema. "Hatuhitaji hata kulisoma."

Nikamwandikisha bibi kuwa mtahiniwa: swali moja, amepata moja. Ugumu ukatokea, 4.87, sawasawa na mjukuu. Orodha ikaondoka saa nne kasoro dakika moja, jina la Gaone likiwa la kwanza.

Gaone alikwenda kuomba maji. Bibi akainuka, akatia bahasha yake kifuani, akainama kwenye kioo cha kompyuta yangu.

"Na mimi nimepata ngapi?"

Nikamwonyesha. HAKUNA KIKOMO.

Alisoma mara mbili. Akatupa jicho mlangoni, akanisogelea sikioni.

"Usiwatangazie watu, mwanangu. Ukiulizwa, sema si nyingi."