Kukhu Nasipwondi Akagua Pikapu

"Mama Wandera, hebu niambie ukweli. Mzee Wakhisi aliuawa na kisukari au na dizeli?"

Swali hilo Mama Shantel, jirani wa upande wa choo, alimuuliza Nangila siku moja juu ya ua, kisha akaendelea kuanika nguo kana kwamba ameuliza bei ya sukuma wiki. Wiki hiyo pikapu ya Nangila ndiyo iliyompeleka Wakhisi kuzikwa kwao Port Victoria, na marehemu alifika akinuka kama kituo cha mafuta. Watu walilia kwelikweli, wengine kwa huzuni, wengine kwa mvuke. Mhubiri alikatiza mahubiri yake mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Na mtu mmoja mwenye busara aliiondoa taa ya chemli karibu na jeneza.

Pikapu, iliyofunikwa nyuma kwa bodi ya bati yenye dirisha, ilikuwa ya mumewe, marehemu Waliaula. Kwa miaka kumi na minane ilikuwa imewarudisha makwao wafu wa chama cha kuzikana cha watu wa mkoa wa Magharibi wanaoishi Kisumu. Waliaula alipofariki Nangila hakuiacha kazi. Dereva aliyemwajiri, Ochieng, alishika usukani, yeye akakaa kando yake na Biblia mapajani. Waliaula mwenyewe alisafiri humo humo safari yake ya mwisho. Alinuka dizeli pia, lakini hakuna aliyeshangaa, maana alikuwa akinuka hivyo tangu siku ya harusi.

Baada ya mazishi ya Wakhisi, Nicodemus, mwenyekiti wa chama, alikuja na faili lake kwapani.

"Mama Wandera, wanachama wamechoka. Frankline ana gari jipya la kubeba maiti. Lina feni, lina taa za buluu, lina redio."

"Redio ya nani? Marehemu?"

"Ya familia. Sikiza, hata mama yangu amekataa. Ana miaka themanini na minane na amesema hataki kufika kwa babake mbinguni akinuka kama trekta. Jumamosi tunakaa kikao hapa kwako. Kama pikapu bado inavuja, tunaachana nayo."

Nangila alielewa. Chama kikiiacha, nani mwingine angelikodi gari lenye sifa hiyo? Ingeishia kwa wauza vyuma kikuukuu, na yeye angekaa mlangoni akingoja watoto wamkumbuke.

Ochieng alikuwa dereva mzuri na fundi wa imani. Aliamini kwamba chochote kinachovuja hakijakazwa vya kutosha. Alhamisi asubuhi aliingia chini ya pikapu na spana, miguu tu ikabaki nje, akakaza kila nati aliyoiona chini ya tangi.

"Hii sasa, Mama, hata shetani hawezi fungua."

"Shetani hafungui nati, Ochieng. Anakufanya uikaze mpaka ikatike."

Ochieng akatoka, akajifuta, akaomba kipande cha sabuni ya kufulia. Alitaka kuikanda na kuibandika tangini, kama kawaida.

"Hilo tangi limeoga kuliko wewe," Nangila akamwambia. "Toka hapo kwanza nifikirie."

Shule aliachia darasa la saba, lakini macho hakuyaachia huko. Alikuwa ameona kwamba pikapu ikisimama uani haidondoshi kitu. Kutoka mjini mpaka Kisian, barabara ikiwa tambarare, ni shwari. Lakini ikishaanza kupanda kwenda Maseno, ndipo harufu inapoingia, na ndipo tone linapoonekana kwenye pembe ya tangi.

"Ipandishe kwenye lile rundo la changarawe ya maramu hapo langoni," akasema. "Pua iangalie juu, kama inaenda Maseno."

Wakang'oa mbao mbili za sakafu ya nyuma, sehemu ya juu ya tangi ikaonekana. Nangila akaifuta kwa tambara mpaka ikang'aa, kisha akaleta chekecheke na unga wa chapati, akaunyunyiza juu ya tangi na juu ya paipu zote.

"Yawa," akasema Ochieng. "Leo tunapika gari."

"Washa injini na ufunge mdomo."

Injini ikanguruma robo saa. Unga ukabaki mweupe kila mahali, isipokuwa sehemu moja. Pale ambapo paipu ya kurudisha dizeli kutoka kwenye injini inaingia tangini, unga ulianza kulowa, doa likakua polepole kama la mtoto aliyekojoa kitandani na anaogopa kusema.

"Unaona? Inatoka hapa, inateremka ubavuni, inadondokea kule. Wewe siku zote umekuwa ukiadhibu kule."

Ochieng akaizima injini, akafungua. Mpira wa paipu ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi, na washa mbili za shaba, zile pete za kuziba maungio, zilikuwa zimekuwa ngumu kama moyo wa Farao. Mpira Ochieng aliufuata sokoni Kibuye. Washa za kipimo hicho hakupata.

Hapo Nangila akakumbuka. Waliaula alifundishwa na Sukhdev, mzee wa pampu za dizeli, na si mara moja alimwondolea sufuria ya chai jikoni ili achome vipande vya shaba. Waligombana sana juu ya chai hiyo. Sasa yeye mwenyewe alibeba jiko mpaka nyuma ya nyumba, mbali na dizeli, akaziweka washa juu ya makaa mpaka zikawa nyekundu kama macho ya mlevi, akazitumbukiza majini. Shaba ikalainika. Kabla Ochieng hajazirudisha, Nangila alifumba macho.

"Bwana, sikuombi muujiza. Naomba washa mbili zikae."

Jumamosi wanachama walijaa uani. Nicodemus alikuwa amefungua faili tu wakati mamake, Kukhu Nasipwondi, nyanya wa kila mtu hapo, alipoinuka na mkongojo wake. Alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Mimi siamini maneno ya watu," akasema. "Nataka kulala humo mwenyewe."

"Mama, huo ni mkosi."

"Mkosi ni kunuka. Lete godoro."

Akapandishwa, akalala chali, akakunja mikono kifuani, akaagiza wafunge.

"Mpaka wapi, Kukhu?" Ochieng akauliza.

"Mpaka mlima uanze kuumiza."

Pale Kisian watu waliitambua pikapu na wakaona viatu vya ajuza kupitia dirisha la nyuma. Wanaume wakavua kofia. Muuza ndizi mmoja akaweka mikono kichwani, akaanza kulia ipasavyo. Ochieng akapunguza mwendo kwenye tuta, na Kukhu akainua kichwa dirishani.

"Nani amekufa?"

Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mwendesha boda akaingia mtaroni na gunia lake la omena. Nangila aliomba asicheke, na ombi hilo halikusikilizwa.

Kisha mlima ukaanza. Pikapu ikapiga kite, ikapanda. Nangila alivuta hewa, hakunusa kitu. Lakini nyuma kukawa kimya, kimya mno. Akawaza, huyu akifa humu leo, hata asiponuka, nani atapanda tena?

"Simama, Ochieng."

Akafungua nyuma. Kukhu alikuwa amefumba macho.

"Kukhu?"

Akamgusa mguu. "Kukhu, tafadhali."

"Nanusa," ajuza akasema bila kufumbua macho. "Usinisumbue."

Waliporudi, Kukhu hakungoja kushushwa. Alitoa hukumu akiwa ameketi ukingoni, miguu ikining'inia.

"Nimenusa kupanda, nimenusa kushuka. Dizeli hakuna. Kuna harufu kidogo ya unga, na unga ni sawa. Mtu asafiri akinukia chakula."

"Lakini Mama, gari la Frankline lina feni," Nicodemus akasema.

"Feni ya nini? Nitakuwa naona joto?"

Watu wakacheka. Nicodemus akafungua faili, akalifunga.

"Mimi nilishampa Frankline neno."

"Kumbe. Basi kufa wewe kwanza, upande hilo lake."

Katibu akauliza nani anataka pikapu ibaki. Mikono ikainuka, uani kote, hata wa Mama Shantel, ambaye hakuwa mwanachama. Nicodemus aliitazama ile mikono. Akachukua kofia yake kwenye kigoda, akalitia faili kwapani, akaizunguka pikapu. Alipofika nyuma aliinama kidogo, akachungulia chini ya tangi. Palikuwa pakavu. Akanyooka, akatoka langoni.