Goti la Orrin Tweten

Mume wangu Orrin hajawahi kuumwa. Muulizeni mwenyewe. Tairi la trekta lilimpita kwenye kidole cha mguu, akasema si mbaya sana. Mawe ya figo yalimgeuza rangi akawa kijivu, akasema si mbaya sana, akaomba kahawa. Huku Minnesota wanaume wetu wamelelewa hivyo: anayesema anaumwa anaona anawasumbua watu. Sisi wake zao tunajua kutafsiri. Mume akisema si mbaya sana, tunatafuta funguo za gari.

Daktari Villarreal hakujua kutafsiri. Ametoka Texas, na mwenyewe aliniambia kwamba kwao mtu akijigonga mtaa mzima unapata habari. Masika nilimpeleka Orrin kwake kwa sababu ya goti la kulia, nikafanya ujinga wa kubaki kwenye gari nikifuma soksi. Akarudi na vidonge.

"Kasemaje?"

"Kauliza maumivu ni kiasi gani, moja hadi kumi."

"Ukamwambia?"

"Mbili."

"Mbili! Orrin, jana umeshuka ngazi kinyumenyume!"

"Haya basi, mbili na nusu."

Goti hilo limechuchumaa chini ya ng'ombe asubuhi na jioni tangu Orrin akiwa mvulana. Sasa mguu umepinda tege, na kila akiinuka nasikia goti linavyolia hata nikiwa upande wa pili wa banda. Dawa yake ilikuwa mafuta ya kupaka viwele, yale ya kopo la kijani. Kitandani nilikuwa nalala na mtu anayenuka kama mtamba.

Halafu vuli ilipoingia goti likaishiwa nguvu katikati ya kukamua. Nilimkuta ameketi kwenye samadi chini ya Dagny, ng'ombe mpole kuliko mawifi zangu, ameshika nguzo akijaribu kujivuta.

"Napumzika kidogo," alisema.

Niliogopa kwelikweli. Angekuwa chini ya ng'ombe mwingine, ningekuwa mjane. Na baridi ilikuwa njiani, sakafu ya banda ingeanza kuganda. Nikapiga simu kwa daktari, na safari hii niliingia naye ndani.

Daktari alituonyesha picha ya eksirei. "Gegedu la upande wa ndani limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Lakini mimi sitibu picha, Bwana Tweten. Wapo wenye picha kama hii na wanatembea vizuri tu. Kama vidonge na mazoezi vinakutosha, tuendelee hivyo hivyo. Kama havikutoshi, nakupeleka kwa mpasuaji akuwekee goti bandia. Wewe ndiye wa kuniambia. Unaumwa kiasi gani?"

Orrin alitazama kofia yake. "Si mbaya sana."

Daktari akageukia kompyuta. Yeye alimwamini! Damu ilinichemka.

"Daktari, ngoja kwanza. Orrin, simama. Nenda mpaka mlangoni urudi."

"Marlys, usianze."

"Nimeshaanza. Tembea."

Akatembea, mgongo umeinama, kichwa kikidunda kila anapokanyaga mguu wa kulia.

"Sasa niambie. Anayetembea hivyo angekuwa ng'ombe wetu, ungempa alama ngapi?"

Ng'ombe wetu tunawapa alama za kuchechemea: moja kwa mzima, tano kwa anayekaribia kushindwa kusimama. Orrin hutoa alama hizo huku anapiga miayo, na hajawahi kudanganya hata mara moja. Kusema uongo juu ya ng'ombe, kwake, ni dhambi.

Alisugua shavu. "Nne," akasema. Kisha, kwa sababu ni mtu mkweli, "Nne inayoelekea tano."

Daktari aliondoa mikono kwenye kompyuta. Nami nikajiona nimeshinda, nikaongeza la mzaha.

"Na ungemfanyaje?"

Nilitarajia aseme angemwita daktari wa mifugo.

"Kwa umri huu?" Orrin alisema polepole. "Ng'ombe wa hivyo hatibiwi, Marlys. Anapakiwa kwenye lori la machinjioni."

Ushindi wote ukaniishia mdomoni. Kumbe miezi yote ile, kila aliposema mbili, alikuwa analikimbia lori. Nilimwonea huruma, na nilijichukia kidogo kwa mzaha wangu.

"Wewe mzee," nikamwambia, na sauti ilitetemeka mbele ya mgeni, jambo ambalo kwetu halifanyiki, "mimi sikuolewa na maziwa. Ukamue usikamue, zizi lako ni kwangu. Hakuna lori linaloingia pale kukuchukua wewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi mjibu daktari."

Aliiweka kofia kando. Kisha akamgeukia Daktari Villarreal, uso umemwiva kama mtu aliyetukana kanisani.

"Nane," alisema. "Asubuhi tisa. Usiku silali, namngoja huyu asinzie ndipo niamke nikae jikoni. Inauma sana, Daktari. Naomba mnitengeneze."